Mkanda wa Kifuani

Jumatano nilikuwa katika duka moja la mtaa wa Nguba nikitafuta betri za redio, nikamkuta mwalimu, jirani yangu, na mke wake wakichagua kifaa cha kupima mapigo ya moyo. Daktari alikuwa amemruhusu mwalimu baiskeli na mazoezi ya salle, ule ukumbi wa kunyanyua vyuma, mradi mapigo yasipite mia na ishirini kwa dakika.

Palikuwa na saa ya kubonyeza kwa kidole, na mkanda wa kifuani unaotuma hesabu kwenye saa yake.

"Ya kidole inaomba nisimame kwanza," mwalimu alisema. "Hii ya kifua iko muzuri."

Akaufunga chini ya shati. Saa ilionyesha sabini na sita, nilisoma mwenyewe.

"Papa, na ku barrière ya Mumosho?" mke alimuuliza mumewe taratibu, akimaanisha kizuizi cha wanajeshi anachokipita kwa baiskeli. "Basoda bakikupapasa, batasema iko phonie, redio ya kuita adui."

Mwalimu alikuwa amesimama palepale, kiganja juu ya kaunta. Sote tuliinamia saa: mia na thelathini na moja.

"Munaona," muuzaji alisema, "inatumika muzuri."

Mwalimu aliununua, kwa ajili ya salle tu. Nami najiuliza: kama sisi wote tungefungwa mkanda ule tukipita kizuizini kwenda sokoni, daktari angetukataza nini?