Salfa ya Mpwa wa Baba

Usinianzie habari za salfa ya asili. Nimezisikia mpaka masikio yameota sugu. "Dada, mwili mzima ni salfa: ngozi, kucha, gegedu za viungo. Ukiipata ya kutosha, tishu zinajijenga upya." Aliyekuwa akinihubiria hivyo ni mtoto wa shangazi, mpwa wa baba, muuza makopo ya unga huo pale stendi ya Msamvu. Sibishi, salfa mwilini imo, hata shuleni tulifundishwa. Lakini kidonda cha mgonjwa wa sukari hakitibiwi kwa kijiko cha unga, jamani!

Baba alikuwa na kidonda kisiginoni. Nilimteremsha kutoka milimani akakaa kwangu mjini, Mwembesongo, nikawa nampeleka hospitali kusafishwa. Nyama nyekundu ilikuwa imeanza kuota, nimeiona kwa macho yangu. Ndipo mpwa akaja na kopo lake, unga mweupe, mchungu kama shubiri. Akasema dawa za hospitali zinachoma tishu, ziachwe kwanza, salfa ifanye kazi. Shangazi akaafiki, na baba akarudishwa mlimani.

Nilipiga kelele. Shangazi akanitazama juu mpaka chini. "Mwanangu, wewe ni wa ukoo wa mama yako. Mwenye neno juu ya kaka yangu ni sisi."

Ndiyo mila yetu Waluguru: mtu ni wa ukoo wa mama yake, na mrithi wa mwanamume ni mtoto wa dada yake. Kuosha usaha, mimi. Kutoa neno, wao.

Nilipopanda wiki chache baadaye kumjulia hali, harufu ya kidonda ilinipokea mlangoni. Vijana wa jirani wakambeba kwa machela mpaka barabarani. Hospitalini daktari hakuzungusha maneno, mguu ukakatwa chini ya goti. Nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni.

Siku ya kutazama wagonjwa mpwa akatokea, shati limepigwa pasi, mkononi kopo jipya. Eti hili ni la kufunga mshono. Hana hata haya! Nikampokonya, nikalitupa kwenye pipa la taka.

"Baba, huyu ndiye aliyekula mguu wako. Mfukuze!"

Baba akainua mkono kuninyamazisha.

"Mwombe radhi mwenzio. Nikifa, wa kunizika ni huyo. Siyo wewe."

Mpwa alisimama pale pale, anasubiri. Nikamwomba radhi. Kisha nikainama kwenye pipa, nikalitoa lile kopo, nikalifuta kwa kanga yangu.