Mashine ya Sinki

Asubuhi ya mwisho kabla moyo wa mke wangu haujasimama, mashine ya sinki, ile ya kusaga mabaki ya chakula chini ya tundu la maji, ilikuwa inasaga vibaya. Nilikuwa nimeilisha maganda yote ya viazi vya Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani.

"Wewe mzee, hii si nguruwe wa baba yako," alisema.

Akafanya kama siku zote: akafungua maji ya baridi, akatia barafu ya kusugua visu vyake, akaweka kiganja chenye unga wa mahindi ukingoni mwa sinki, akainamisha kichwa kusikiliza. Nikamwambia amependeza. Kelele za barafu zikameza maneno yangu. Baadaye sikuyarudia, na najuta, maana aliniomba mwenyewe, bila kugeuka: "Ngoja imalize kusaga, mzee wangu, halafu uniambie."