Diski ya Kukimbia Nayo

Mi sijawahi kuchukia chombo kama nilivyoichukia ile serveri yetu ya mjini Baraka. Ilikuwa kompyuta kubwa ya kijivu chini ya meza, katika bureau yetu, ndiyo ofisi, ya kutafuta batoto waliopotea vitani. Ndani yake mlikuwa na majina na picha zao, kutoka Mboko mpaka Kazimia. Ilifanya kazi vizuri, haki ya Mungu. Halafu wakubwa wa Uvira wakatuma CD ya mise à jour, ndiyo kusema programu ya zamani itoke, mpya iingie. Nikaiingiza. Kesho yake nikawasha grupu, jenereta yetu ya umeme, nikawasha mashine: kioo cheusi, kimstari cheupe kinanikonyeza. Basi!

Na ilikuwa imekufa wakati mbaya kabisa. Siku chache nyuma, boti ya Kigoma ilikuwa imetuletea picha mpya za batoto walioko kambini ng'ambo ya ziwa bila wazazi. Nilikuwa nimezitia kwenye serveri, CD zake zikaendelea na safari ya Uvira. Aliyezingoja kuliko wote ni mama wetu wa mapokezi, aliyekaa mlangoni kuandikisha watu. Siku watu walipoukimbia mji, katikati ya msongamano wa barabara ya Mboko, binti yake alimponyoka mkononi. Tangu hapo hakusikia hata neno.

"Mutoto yangu, mashine iko namna gani?" aliniuliza kila saa.

"Bado, Mama."

Niliifungua, nikapuliza vumbi, nikabadilisha nyaya, nikaitukana kwa Kiswahili, Kifaransa na Kibembe. Mwishowe nikachomoa kila kitu kilichochomekwa nyuma, hata ile diski ya nje yenye nakala ya majina. Ikaamka! Nilicheka peke yangu kama kichaa. Kabla sijafungua picha hata moja, mafuta ya grupu yakaisha.

Asubuhi, kioo cheusi tena, na mafuta yalitosha kuwasha mara moja tu kwa siku. Nikachungulia nyuma: diski imechomekwa. Nani? Kila mtu akasema si yeye.

Lazima nieleze. Kwetu ilikuwa sheria kwamba ile diski haitoki kwenye mashine. Masasi, ndiyo risasi, yakilia, aliye karibu anaichomoa, anakimbia nayo, mashine wanabaki nayo waporaji. Tuliiita diski ya kukimbia nayo. Mtu aliyeona imelala mezani aliirudisha mahali pake, hata bila kufikiri. Nikaichomoa, nikaenda kunywa chai, nikarudi: imechomekwa. Nikaificha kwenye droo, chini ya makaratasi. Kesho yake: imechomekwa, mashine maiti. Loo, nilitaka kuitupa ziwani!

Siku iliyofuata niliwahi bureau kabla ya watu, nikajibanza nyuma ya kabati. Mlango ukafunguka. Mama wa mapokezi akaingia, akaenda moja kwa moja kwenye droo, akapiga magoti, akapeleka mkono nyuma ya serveri.

"Mama! Kumbe ni weye!"

Hakushtuka hata kidogo. "We unaiacha ndani ya droo. Masasi ikilia, nani atatafuta droo?"

"Mama, hii diski ndiyo inaua mashine! Tangu mise à jour, ikiamka inakimbilia mule kutafuta akili yake, inakosa, inakufa!"

"Na kama tunakimbia leo?"

"Basi tunakimbia na majina ya zamani! Picha mpya hazimo kwenye diski. Ziko humu, ndani ya mashine. Binti yako kama yuko, yuko humu, na weye ndiye unamufungia mulango!"

Nilikuwa nimepaza sauti. Alikaa chini sakafuni, akaichomoa mwenyewe, akaiweka mapajani. Nikawasha. Mashine ikaamka bila shida, shenzi ile.

Picha zikapita moja moja, kila mtoto ameshika kibao chenye namba kifuani. Mama akainuka, akasimama nyuma yangu. Kisha akashika bega langu, akalibana mpaka likauma.

"Simama hapo."

Msichana mrefu, shingo nyembamba, kovu juu ya nyusi.

"Ni yeye. Lile kovu ni la chungu yangu, ilimuunguza akiwa mudogo."

Nilingoja machozi, nilingoja vigelegele. Akaninyooshea diski.

"Muweke humu kwanza."

"Mama, tuangalie kwanza yuko kambi gani..."

"Muweke kwanza. Nitamuangalia kisha."

Mashine ikiwa macho, diski haikuidhuru. Nikachomeka, nikanakili picha zote, na yake ikiwemo. "Imeisha," nilisema, na kabla sijaongeza kwamba haichomolewi hivihivi mashine ikiwa macho, akaichomoa. Kioo kikawa cheusi.

"Mungu wangu, Mama!"

Hakunisikia. Alikuwa anaifunga diski kwenye pindo la kitenge, anakaza fundo kiunoni. Akarudi mlangoni kuandikisha watu kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umeshika lile fundo.