Karani Nisiyemwona

Nilikuwa nimetoka na kikundi cha watazama ndege mara tatu bila kumwona karani, yule ndege wa miguu mirefu anayetembea nyikani akiua nyoka kwa mateke. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea mwisho, nami nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kitengela. Tulitoka Jumamosi, siku pekee niliyokuwa nayo ya kufua. Mume wangu hakuelewa mtu mzima kufuata ndege kwa miguu, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kushindwa kumweleza.

Mara ya nne tulikuwa watu kumi na wawili na darubini tatu. Kiongozi wetu alikuwa mpima ardhi mstaafu, mtu wa maneno mengi, aliyetupanga mstari kama watoto wa darasa la kwanza. Tulipofika mahali tulipozoea kupitia, tulikuta seng'enge mpya. Shamba lilikuwa limeuzwa, na hapakuwa na lango wala mtu wa kuuliza. Tukafuata waya karibu saa nzima. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake, udongo mweusi ukaganda viatuni hadi tukatembea kama waliofungwa mawe. Kila baada ya hatua chache kiongozi alisimama kutueleza jinsi mipaka ile ilivyopimwa vibaya. Tulipotokea upande wa pili jua lilikuwa limeshakuwa kali na ndege wamenyamaza.

Hapo akainua mkono. Alisema karani yuko mbali, kwenye nyasi ndefu. Darubini zikaanza kupitishwa kutoka mbele. Mimi nilikuwa wa kumi. Kila aliyetazama alitabasamu, akakaa nazo weee, kisha akampa mwenzake bila haraka. Ziliponifikia, miwani yangu iligonga vioo. Nikaivua, kila kitu kikawa ukungu. Kiongozi akaniambia nitazame kulia kwa mgunga. Migunga ilijaa kote.

"Umemwona, mwalimu?"

"Nimemwona."

Akaandika jina langu kwenye daftari.

Nyuma yangu alikuwa mama mmoja wa Kisomali mwenye duka la vitambaa mjini, ambaye daktari alikuwa amemshauri atembee. Ilikuwa siku yake ya kwanza. Alitazama kwa muda mrefu, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akatazama tena. Kisha akaniinamia.

"Mwalimu, nionyeshe. Kama wewe na miwani umemwona, mimi niko na shida gani?"

Nikasema, na kiongozi akasikia, kwamba sikuona kitu. Alirudi akapiga mistari miwili juu ya jina langu, akatuhutubia wote kuhusu thamani ya rekodi ya kweli. Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alipomaliza, karani alikuwa ameshaondoka.

Tulirudi mimi na yule mama mwisho wa mstari. Aliniuliza kama ningekuja wiki ijayo, nikamwambia sitaki hata kusikia. Yeye akasema angependa kuja, ila si na watu hawa.

Basi tukawa tunatoka wawili, asubuhi, kabla hajafungua duka. Tuliona mbuni, tuliona kanga, tulizungumza sana. Karani sikumwona mwaka ule wala uliofuata, na mpaka leo jambo hilo linaniudhi.