Kaka Niliyemkana Kimilili

Nakumbuka siku moja ya Jumamosi, mwanangu, mahindi yakiwa yameanza kutoa ndevu, mwalimu wetu wa kike alipotuketisha wasichana kumi na wawili kwenye benchi za shule ya misheni, upande wa Kimilili. Alitaka tujuane. Kila mmoja asimame, aseme anapenda nini, anajiburudisha kwa kitu gani, na shujaa wake ni nani.

Lilikuwa swali jepesi. Jibu lake nilikuwa nalo tangu utotoni. Kaka yangu Wanjala alipiga litungu, kile chombo chetu Wabukusu cha ngozi na nyuzi. Kazi yake ilikuwa kukamua ng'ombe katika shamba la mzungu huko Kitale, lakini akija nyumbani watu walitoka ng'ambo ya mto kumsikiliza. Baba yetu alifariki mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo Wanjala ndiye aliyenilea na kunisomesha. Homa ikinipata, alinipigia litungu mpaka nilale. Sikuwa na mtu niliyempenda kumpita yeye.

Lakini walionitangulia walitaja kinanda cha kanisa, kushona vitambaa, mke wa mchungaji. Litungu pale shuleni lilikuwa jambo la walevi na wasiookoka. Zamu yangu ilipofika, nikasema, "Mimi Nekesa napenda kinanda, na shujaa wangu ni mke wa mchungaji." Mwalimu akatabasamu. Uongo wa namna hiyo, mwanangu, ukishauzaa utaulisha kila siku.

Hazikupita wiki nyingi, Wanjala akaja kunitembelea. Alikuwa ametembea kutoka Kitale, litungu limefungwa ndani ya blanketi. Akakaa juu ya jiwe karibu na lango, akaanza kuimba wimbo ambao sikuwahi kuusikia. Ulikuwa mpya, na jina langu lilikuwa ndani yake. Wasichana wakatoka mbio. Wengine, ninakuambia ukweli, walikuwa wanapiga miguu chini kwa furaha.

Rafiki yangu Rispa akanishika bega. "Nekesa, si anaimba jina lako! Huyu ni nani wako?"

Nikamwona mwalimu anakuja. Nikasema kwa sauti, ili naye asikie, "Simjui sana. Ni mtu wa kijiji chetu tu."

Vidole vya Wanjala vikasimama. Aliniangalia, wala si kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira. Akalifunga litungu lake pole pole, akatoa mfukoni kipande cha sabuni na chupa ya mafuta, akampa Rispa. "Patia huyo msichana," akasema. "Mwambie imetoka kwa watu wa kwao."

Kisha akarudi njia aliyoijia.

Shule ilipofungwa nilipanda lori la mahindi mpaka Kitale kumwomba msamaha. Nilimkuta mkamuaji mwenzake, mzee Barasa, akiosha ndoo za maziwa.

"Umechelewa, mama," akaniambia. "Wanjala aliandikwa jeshi, aende vitani. Walipanda treni juzi."

"Hakuacha neno lolote?"

"Hakuacha neno. Aliniachia litungu, na mimi sijui kupiga."

Vita vilikwisha, na Wanjala akarudi. Mama aliimba na kulia kwa pamoja. Lakini mimi niliutazama mkono wake wa kushoto, nikaona umebaki na kidole gumba na kingine kimoja.

Siku ya tatu tulikaa wawili tukipukuchua mahindi. Nikajikaza. "Kaka, siku ile shuleni nilidanganya. Shujaa wangu ni wewe. Hakuna kinanda nilichokipenda kama litungu lako."

Aliendelea kupukuchua. "Najua, Nekesa," akasema. "Lakini hiyo maneno nilikuwa naitaka wakati niko na vidole."

Nikamwuliza ule wimbo wenye jina langu uliishaje. Akachukua hindi lingine. "Nimesahau," akasema. Na hakuwa mtu wa uongo. Muongo wa nyumba ile nilikuwa mimi.

Aliishi miaka michache tu baada ya hapo, akilinda ghala la mahindi Kitale. Kwenye harusi, litungu likianza kulia, aliondoka akaenda kusimama nyuma ya nyumba. Tulipomzika, nilisimama mbele ya watu nikamsifu vizuri sana. Waombolezaji wote walilia. Yeye hakusikia.

Wazee walisema majuto ni mjukuu. Wangu amekaa nami mpaka uzeeni, na hajapata siku moja ya kwenda kwao.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiulizwa unapenda nini, taja kile unachokipenda, hata benchi nzima ikucheke. Kicheko cha watu hakifiki jioni. Usiazime shujaa wa wenzako ili upate kukaa nao. Na kama shujaa wako yu hai, iwe ni mama yako, iwe ni fundi wa baiskeli pale sokoni, usingoje kuulizwa. Mwendee leo umwambie, angali na masikio ya kusikia na nguvu ya kufurahi.

Mungu akupe ulimi usiowaonea haya watu wa kwenu. Akulindie wale unaowapenda mpaka uwafikie, na akikuita ukiwa mzee kama mimi, akukute huna neno jema lililobaki kifuani. Enda na amani, mwanangu.