Injini Isiyokuwa na Mikono

Hadi leo nikisikia harufu ya mawese yanayoungua kwenye utambi, narudi nyuma ya jiko letu la mtaa wa Mikelenge, msimu ule wa vita ambao treni iliacha kufika Kindu. Baba, mfunga breki wa reli, alikuwa ameondoka na treni ya mwisho kwenda Kalemie. Njia ikakatika, naye akabaki upande wa pili. Alituachia redio ambayo hakuna aliyeruhusiwa hata kuipangusa vumbi. Betri zilikwisha, nyingine hazikuonekana sokoni, lakini Mama aliitunza kabatini kama amana. Shule ilikuwa imefungwa. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, nami nikaamua kuunda injini ndogo ya mvuke itakayotembea yenyewe, Baba akirudi aikute.

Kila asubuhi nilikwenda stesheni kuitazama injini kuukuu iliyoachwa majanini, nikiipima kwa kamba. Kopo la maziwa likawa tangi, kipande cha pampu ya baiskeli kikawa silinda, vifuniko vya makopo vikawa magurudumu. Niliiga kila nilichokiona. Nilipowasha utambi, maji yalichemka, mvuke ukapiga mluzi, na injini haikusogea hata kidogo. Jirani yetu, Mama Zaina, akachungulia juu ya ua, akacheka: "Mutoto mwanamuke na makopo! Utaolewa na stesheni?"

Mama, aliyekuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, akaja kutazama. "Umetengeneza maiti," akasema. "Mikono yake iko wapi?" Akabana viwiko mbavuni, akazunguka kinu akisukuma ngumi mbele na nyuma, shu-shu-shu. Utotoni aliuza ndizi stesheni, injini zile zikiwa hai. Mikono aliyoisema ni vyuma vya kusukuma magurudumu; ile ya injini ya majanini ilikuwa imefunguliwa na kuuzwa kabla sijazaliwa, nisingeweza kuijua.

Nikakata mikono kutoka spoku za baiskeli, lakini kuiunga kulihitaji lehemu, na lehemu haikupatikana mji mzima. Mama akaenda kabatini. Kisha akaifungua redio, akanionyesha waya zilizogandishwa kwa lehemu ndani.

"Mama, Papa atatuua!"

"Arudi kwanza, atuue."

Tukaiyeyusha lehemu ile, na injini ikatoka penye kinu hadi kizingitini, ikakohoa, ikasimama. Mama Zaina hakucheka tena, aliomba irudiwe.

Baba alirudi kwa miguu, amekonda. Hata kabla hajakaa vizuri alitazama kabati. "Redio yangu iko wapi?" Mama aliwasha utambi. Injini ikajikokota hadi kwenye nyayo zake zilizovimba. Akainama, akaitegea sikio kama alivyozoea kuitegea redio wakati wa habari.

"Inasema nini?" Mama akauliza.

"Inasema nimechelewa."

Shuleni sikurudi. Nimetangatanga mji kwa mji, kutoka Punia hadi Tunda, nikifungua kila mashine ninayoruhusiwa kuigusa. Siku hizi habari za dunia nzima zimo katika simu yangu, na treni hufika Kindu inapopenda. Juzi nilipita stesheni. Watoto walikuwa wakicheza treni, wameshikana mashati, mikono imetulia, wakivuma kama lori. Nikaweka mzigo chini, nikabana viwiko mbavuni. Walinicheka mpaka wakakaa chini. Kisha kasichana kamoja kakabana viwiko vyake, kakaanza: shu-shu-shu.