Leseni ya Nahodha wa Osieko

Kila asubuhi nahodha mmoja wa ufuo wa Osieko huupapasa ubavu wa mashua kwa kiganja kabla hajapanda, polepole, kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Everline, mchuuzi wa omena, dagaa wa ziwani, anayesafiri naye siku za soko, huona hayo ni mapenzi ya mtu kwa chombo chake. Vidole vinene vya nahodha hunuka petroli. Sauti yake ni ya chini, na maswali hayamwishi: "Mama, huko mbele kuna nyavu za watu? Nani huyo anatungoja ufuoni?" Everline humjibu huku akipanga beseni zake, mara nyingine bila hata kuinua macho: "Hakuna kitu, mzee, twende tu!"

Juzi walikuja maofisa kuwapima manahodha wanaotaka leseni. Nahodha akaogelea vizuri, akafunga mafundo yote, akaiwasha injini kwa mvuto mmoja, na kina mama wakampigia vigelegele. Kisha ofisa akamwambia asome herufi za bango lililotundikwa kwenye ukuta wa banda la samaki. Nahodha akainua kidevu, akageuza kichwa kushoto, akakigeuza kulia. "Boss," akauliza kwa ile sauti yake ya chini, "hilo bango liko wapi?"

Vigelegele vikakatika. Everline akawakumbuka wanawe, aliowapakia katika mashua hiyo hata siku za ukungu. Nahodha hakungoja jibu. Akateremka majini, akanyoosha kiganja na kuanza kuupapasa ubavu wa mashua, na Everline akaona alichokuwa akitafuta miaka yote hiyo: pa kukanyaga.